Tanga la Sufu: Mazungumzo Kuhusu Waviking

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi mjini Roskilde, hapa Denmark, mbele ya familia zetu za Waswahili waliokuja kutazama meli za kale za Waviking, watu wa nchi hizi za kaskazini wa miaka elfu moja iliyopita. Kuna waliokuwa zamu kazini na kuna walioachwa na treni, nao wameniomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani tu ndizo sikuzileta.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Na ninyi wadogo mliokaa sakafuni hapo mbele, tulieni kidogo, biskuti zipo na hazina miguu.

Nianze na swali la aibu. Leo siku gani? Jumamosi. Haya, nani ameoga? Naona mikono. Naona pia wasioinua, sitawataja.

Nauliza kwa sababu. Watoto wenu kila wiki wanasema lørdag bila kufikiri. Zamani neno hilo lilikuwa laugardagr, siku ya kuoga. Waviking, watu hawa tunaosimuliwa kama wanyama wa mwituni, walitenga siku nzima katika juma kwa ajili ya maji na mwili, wakaipa na jina. Makaburini mwao hukosi kitana, kilichochongwa kwa pembe ya kulungu, meno yake membamba kama ya shanuo la kuondolea chawa. Kuna mtawa wa Uingereza, karne ya 13, aliandika akilalamika kwamba Wadenishi wa zamani walikuwa wakichana nywele kila siku, wakioga kila Jumamosi, wakibadilisha nguo mara kwa mara, hata wakawavuta wanawake wa Kiingereza, wake za watu wakiwemo. Mnalisikia kosa lenyewe? Kuoga!

Kuna kijana wangu pale nyuma amevaa kofia ya plastiki yenye pembe. Usiivue, mwanangu, imekupendeza. Ila ujue tu. Mwaka 1943, mahali paitwapo Gjermundbu nchini Norwe, ilipatikana kofia ya chuma ya karne ya 10, na hadi leo ni katika zile chache mno tulizonazo za zama zile. Ni duara, ina kinga ya macho kama miwani, na pembe haina hata moja. Pembe ziliwekwa na mbunifu wa mavazi wa opera moja ya Ujerumani mwaka 1876. Habari ya pembe imekwisha, tuendelee.

Ninalo neno moja la kuwaambieni leo, na mkisahau mengine yote mshike hilo. Ukitaka kumjua Mviking, usianze na upanga wake. Anza na tanga. Uliza: tanga hili nani alilifuma?

Asubuhi mmeziona meli tano ndani ya ukumbi. Nani alizisoma namba? Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano, ya sita. Ya nne iko wapi? Hakuna aliyeuliza! Mwaka 1962 walipozichimbua katika hori hili, kwenye mkondo wa Skuldelev, walizungushia ukuta wa chuma, wakapampu maji, wakabaki na matope na vipande vya mbao kwa maelfu. Wakavihesabu wakapata vyombo sita. Baadaye wakagundua kwamba cha pili na cha nne ni chombo kimoja. Kilikuwa kirefu mno, mita 30, hata wenyewe wakadhani ni viwili. Kwa hiyo namba nne imebaki tundu.

Na vilizamaje? Havikuzama kwa dhoruba. Karibu mwaka 1070 watu wa mji huu walivijaza mawe vyombo vyao vikuukuu wakavizamisha wenyewe, kuziba njia ili adui asiingie kwa bahari. Kimoja kilikuwa cha kuvulia samaki, viwili vya mizigo, viwili vya vita. Yaani mlichokiona ukumbini ni gati la kijiji kizima limelala chini ya maji miaka mia tisa.

Sasa niwape kisa cha mjomba wangu, huyu hapa, amekaa na koti langu begani kwa sababu Juni ya Denmark haimwingii akilini. Mjomba ni fundi wa vyombo kutoka Lamu. Ameshika tezo tangu hajaota ndevu. Tulipofika ukumbini alisimama kimya, mikono nyuma, maana kugusa hairuhusiwi. Lakini kule nje gatini, ambako mafundi wa makumbusho hutengeneza vyombo vipya kwa mfano wa vile vya kale, hakuna aliyemzuia. Akapiga magoti. Akapitisha kiganja pale ubao mmoja unapoulalia mwingine. Akachungulia ndani, akahesabu mataruma, zile mbavu za chombo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hawa wamejenga ngozi kwanza, mifupa wameitia baadaye."

Nilimtazama fundi Mdenishi, naye ananitazama mimi, anataka tafsiri. Nikamtafsiria. Akacheka, akampa mkono.

Maana ndiyo siri yenyewe. Sisi leo tukifikiria ujenzi wa meli tunafikiria mataruma yasimame kwanza, halafu mbao zipigiliwe juu yake. Hawa walilaza mkuku, ule mti wa chini kabisa, wakainua omo mbele na tezi nyuma, kisha wakapanda na mbao pande zote mbili, ubao wa juu ukilalia ukingo wa ubao wa chini, vikashikwa na misumari ya chuma iliyopigwa ncha zake upande wa ndani. Umbo likishasimama ndipo mataruma yakaingia. Mjomba anasema babu yake alimsimulia kwamba mtepe, chombo chetu cha kale, nao ulijengwa hivyo, ila pale penye msumari wetu tulishona kwa kamba ya kumbi. Katikati ya mbao walitia manyoya ya kondoo yaliyochovywa lami ya msonobari. "Sisi pamba na sifa, mafuta ya papa," akasema mjomba. "Harufu yao nzuri kuliko yetu." Hilo ni kweli, waliowahi kupaka sifa ya papa wanajua nguo zao zilivyowatenga na watu kwa wiki.

Jambo jingine alilolikuta kwa kidole. Mbao hizi hazikupasuliwa kwa msumeno. Gogo la mwaloni lilipasuliwa kwa kabari, katikati, kisha kila nusu katikati tena, kama unavyokata chungwa, kisha likachongwa kwa shoka. Unapata ubao mwembamba, lakini nyuzi za mti zimeufuata mwanzo hadi mwisho, hazikukatwa. Ubao wa namna hiyo unapinda na wimbi na haukatiki. Ndiyo maana chombo cha mita 30 kiliweza kuwa chepesi, na kuzama majini kiasi cha mita moja tu. Mita moja! Ni kiuno cha mtu. Chombo kilichovuka bahari kuu asubuhi, jioni kinapanda mtoni.

Nitarudi kwenye mto. Kwanza turudi kwenye swali langu. Nani alilifuma tanga?

Ile meli ndefu, ya pili, mbao zake zilipopimwa ilijulikana miti ilikatwa mwaka 1042, na ilikatwa Ireland, jirani na Dublin. Mafundi wa hapa wakaijenga upya, wakaiita Farasi wa Bahari, na mwaka 2007 watu kama 60 wakaivusha kutoka gati lile pale hadi Dublin, ikawachukua wiki sita na siku kidogo. Kila mtu alipata nafasi kama mita moja ya mraba, ya kupigia kasia, kula, kulala na kunung'unika. Hakuna chumba, hakuna paa. Mvua ikinyesha inakunyea. Kuna siku upepo ulikataa kabisa kwenye Bahari ya Kaskazini ikabidi wavutwe na meli ya injini, na sioni aibu kuwaambieni hilo, kwa sababu Waviking wenyewe wangekaa bandarini kusubiri. Tanga la chombo hicho ni mita za mraba 112.

Enzi zile tanga hufumwa kwa sufu. Sasa twende taratibu hapa, hasa akina baba. Waliojaribu kulitengeneza upya tanga la namna hiyo wamekadiria kwamba kwa mita za mraba 100 unahitaji zaidi ya kilomita 150 za uzi. Uunyooshe kutoka Kivukoni, Dar es Salaam, ufuate barabara ya Morogoro. Utafika Chalinze, utaipita, na bado mkononi una uzi. Na uzi huo wote umesokotwa kwa vidole na kijiti chenye kidonge cha udongo au jiwe chini yake, kinachozunguka kikining'inia. Mtu mmoja akikaa saa nane kila siku, bila Jumamosi ya kuoga, anamaliza mwaka na anaendelea. Huko ni kusokota tu. Hatujahesabu kunyonyoa kondoo, kuchambua manyoya, kufuma, wala kupaka mafuta na lami ili tanga lisivujishe upepo.

Mimi nilijaribu. Kuna mama hapa makumbusho hufundisha. Alinipa kijiti na fungu la sufu linanuka kondoo, akanionyesha mara mbili. Uzi wangu ukakatika. Nikaunga, ukakatika. Mara nene kama mnyoo, mara nyembamba hauonekani. Baada ya nusu saa nilikuwa na uzi usiofika kutoka hapa nilipo hadi mlango ule. Mama yule muda wote ananitazama usoni huku vidole vyake vinasokota vyenyewe, hata havitazami. Nikawaza: wangapi walikaa hivi, wanasokota wakipika, wanasokota wakichunga, wanasokota wakisubiri, ili wanaume 60 waondoke?

Chombo cha mwaloni fundi mzuri na wenzake wanakitoa msimu mmoja. Tanga linakula mikono ya nyumba nzima, na nyumba za jirani. Ukiziona kumbukumbu za wafalme unasikia fulani alikuja na meli mia. Mimi siku hizi nikisikia meli mia nahesabu kondoo.

Mnataka ushahidi kwamba wenyewe walilijua hilo? Mwaka 1904 kule Oseberg, Norwe, ilichimbuliwa meli nzuri kuliko zote zilizowahi kupatikana. Mita zaidi ya 21, omo yake imechongwa wanyama waliosukana kama mikeka. Ilizikwa mwaka 834. Ndani yake kulikuwa na nani? Mfalme? Jemadari? Kulikuwa na wanawake wawili, mmoja mtu mzima, mwingine bibi kizee hasa. Wamelazwa na mkokoteni, magari ya kuteleza kwenye theluji, vitanda, ndoo. Na vifaa vya kufumia. Nyota zao hatuzijui, majina yao hatuyajui, lakini waliowazika walijua mikono ile isiondoke mitupu.

Haya, vita. Najua vijana mnaisubiri, mmeshaanza kuangalia simu.

Neno lenyewe kwanza. Kwa lugha yao mtu alikuwa anakwenda víking. Ni safari, kama tunavyosema amekwenda dago. Wavuvi wetu wakienda dago wanahama kambi msimu mzima, wanavua, wanarudi. Na hawa vilevile, ila walichokwenda kuvua ni mali ya watu. Sehemu kubwa ya mwaka Mviking alikuwa mkulima: shayiri, ng'ombe, kondoo, majani ya kukausha kwa ajili ya baridi, samaki wa kuning'iniza juani na upepo. Silaha zake zinakuambia. Shoka lile lile la kuni. Mkuki, ndio waliokuwa nao wengi. Ngao ya mbao nyembamba ya duara. Upanga ulikuwa wa mwenye nacho, na mwenye nao aliupa jina kama mtoto.

Tarehe 8 Juni mwaka 793 waliingia Lindisfarne, kisiwa cha watawa kaskazini mwa Uingereza. Wakaua, wakachukua dhahabu na watu. Kwa nini kwa watawa? Kwa sababu mali iko pwani na haina ukuta. Na kwa nini hawakuzuiwa? Mita moja ya maji, nimewaambieni. Jeshi la mfalme linakusanywa kwa siku, kwa majuma. Chombo kinasukumwa mchangani alfajiri na adhuhuri hakipo. Mwaka 845 meli kama 120 zilipanda mto Seine hadi Paris. Mfalme Charles, yule aliyeitwa Kipara, aliwalipa ratili 7,000 za fedha waondoke. Wakaondoka. Unadhani walirudi? We ungelipwa hivyo usingerudi?

Waingereza nao walilipa. Mwaka 991 ratili 10,000. Mwaka 1012 ratili 48,000. Ukilipa leo, kesho bei imepanda. Wenye maduka hapa wanajua habari hiyo. Na kule Uswidi lipo jiwe lililotoka Yttergärde, lililochorwa kwa ajili ya bwana mmoja aitwaye Ulf. Linasema kwamba Ulf alichukua malipo matatu Uingereza, kwa viongozi watatu: la kwanza alilipa Tosti, kisha akalipa Thorkell, kisha akalipa Knut. Basi. Maneno yake hayana joka, hayana mungu wa radi, hayana damu. Ni kama hati ya mshahara imepigwa muhuri kwenye jiwe. Ulf alikwenda dago mara tatu, mara tatu akalipwa, akarudi shambani akazeeka.

Lakini si wote waliorudi. Niwasimulie hili polepole, na wenye watoto wadogo wazibeni masikio kidogo.

Mwaka 2009 huko kusini mwa Uingereza, karibu na Weymouth, walikuwa wanajenga barabara ya kupitisha watu wa Olimpiki. Tingatinga likakuta shimo. Ndani mna mifupa ya wanaume wapatao 50, miili upande mmoja imerundikwa ovyo, vichwa upande mwingine. Walikatwa vichwa wote. Umri wa mifupa ni kati ya mwaka 970 na 1025. Meno yakapimwa, maana maji unayokunywa utotoni hubaki kwenye jino, na meno yakasema hawa walikulia nchi za kaskazini huku. Mmoja alikuwa amechonga meno ya mbele, mistari imekwenda sambamba. Mjomba aliposikia alisema, "Kumbe na wao." Kwetu kuchonga meno si habari. Kwao inaonekana ilikuwa namna ya kutisha, au ya kupendeza.

Kilichonishika mimi si meno. Wengi wao walikuwa vijana, miaka kumi na kitu hadi ishirini na kitu, na mifupa yao haikuwa na makovu ya vita vya zamani. Ingekuwa askari wazoefu, ungeona mbavu iliyovunjika ikaunga, mkono uliowahi kukatwa ukapona. Hamna. Kuna mmoja ana vidole vilivyokatwa, yaelekea aliinua mkono kukinga shingo. Vijana wa shamba. Kuna mama mahali fulani alisokota tanga lililowachukua, na hakuna aliyemletea habari.

Tupumzike kidogo. Nani ana maji? Asante, mwanangu.

Nataka tuseme kidogo walivyoishi, na nitasema haraka kwa sababu mmeshaona nyumba. Nyumba ndefu, moto katikati, moshi unatafuta njia yake mwenyewe, watu na ng'ombe wakati mwingine paa moja. Kule Borg, visiwa vya Lofoten, nyumba ya mtemi ilikuwa na urefu wa mita 83. Mjini York, mwaka 1972, wachimbaji walipata... wazee mniwie radhi... walipata choo kikubwa cha mtu mmoja, kimekauka, sentimita 20, cha karne ya 9. Kipo makumbusho, ndani ya kioo, watu wanalipa kukiona. Wakakipima: alikula nyama na mkate, mboga hakupenda, na tumbo lilijaa minyoo. Vijana mnaokataa mchicha, ndugu yenu huyo.

Na tuna shahidi anayetuhusu kidogo. Karibu mwaka 965 msafiri kutoka Andalusia, at-Tartushi, alifika Hedeby, mji uliokuwa kusini mwa hapa, sasa ni upande wa Ujerumani. Anasema chakula chao kikuu ni samaki. Anasema mwanamke akitaka talaka anaachana na mume mwenyewe. Anasema wanaume kwa wanawake wanapaka wanja. Wanja! Kisha anasema hajawahi kusikia uimbaji mbaya kama wao, mngurumo unatoka kooni kama wa mbwa, ila mbwa ana nafuu. Nimekaa nchi hii miaka mingi, nimehudhuria harusi. Sisemi kitu.

Miaka kama 40 kabla yake, msafiri mwingine alikuwa ameshapita mashariki. Ibn Fadlan alitoka Baghdad mwaka 921, na mwaka uliofuata akawakuta kwenye mto Volga, wafanyabiashara wa kaskazini. Anawasifu miili, warefu kama mitende. Anawalaani kwa uchafu: bakuli moja la maji linapita, kila mmoja ananawa uso, anapenga kamasi humo humo, linakwenda kwa mwingine. Je, Jumamosi yao iliishia wapi? Safarini, labda. Mtu wa safari si mtu wa nyumbani.

Hapo Volga walikuwa wanatafuta nini? Dirhamu. Fedha ya Kiislamu. Mwaka 1999 kwenye shamba moja la Spillings, kisiwa cha Gotland, ilifukuliwa hazina ya kilo 67 za fedha, sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za nchi za Kiislamu. Kilo 67 chini ya banda la mkulima! Na hapa ndipo nawaomba mtazame ramani pamoja nami. Miaka sita kabla Ibn Fadlan hajafika Volga, mwaka 916, msafiri na mwandishi al-Masudi alikuwa anatoka Qanbalu, kisiwa cha pwani yetu ambacho wengi husema ni Pemba, anarudi Oman. Aliandika habari za pembe za ndovu zilizotoka kwetu kwenda huko. Soko lile lile. Nchi za Kiislamu zilivuta ndovu kutoka kusi na manyoya kutoka kaskazi, na huku kaskazi zililipa fedha.

Na zililipia watu pia. Hili siliruki. Tumecheka, tumekula, lakini siliruki. Mwaka 821 waliingia Howth, jirani na Dublin, wakachukua wanawake wengi mateka; watawa wa Ireland waliandika. Dublin yenyewe ikawa bandari yao na soko lao la watumwa. Ile meli ndefu tuliyoisifia mbao zake ilijengwa huko. Waliohamia Iceland, leo ukipima damu ya vizazi vyao, nasaba nyingi za kiume zinaelekea Norwe, na za kike zaidi ya nusu zinaelekea Ireland na Uskoti. Si wote walipelekwa kwa nguvu, lakini wengi hawakuulizwa.

Ibn Fadlan alishuhudia mazishi ya mkuu mmoja pale mtoni. Walivuta chombo nchi kavu, wakamweka maiti ndani na vinywaji na silaha. Wakauliza kati ya wajakazi wake nani atakufa naye. Mmoja akasema mimi. Kwa siku kumi anapewa pombe, anaimba. Siku ya mwisho wakampa kikombe akaimba wimbo mrefu wa kuwaaga wenzake, na bibi aliyesimamia mazishi akamhimiza amalize aingie ndani ya hema lililokuwa juu ya chombo. Ibn Fadlan anasema alimwona binti anasitasita mlangoni, hajui aingie asiingie, ameingiza kichwa. Wanaume wakaanza kupiga ngao kwa magongo, ili kelele yake isisikike na wajakazi wengine wasije wakaogopa siku zao zikifika. Kisha wakachoma chombo.

Nimekisoma kisa kile mara nyingi. Jina lake hakuliandika. Kila mara nasimama pale mlangoni.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kuyasikia haya kama ya mbali. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, mababu wa babu zetu walikuwepo, na walikuwepo pande zote mbili za mnada. Kwa hiyo mtoto wako akiletewa shuleni Mviking wa katuni, shujaa, nywele za dhahabu, mwache afurahi. Akimaliza muulize na wewe swali langu: tanga nani alifuma, na huyo aliyefuma alikuwa huru?

Maswali mengine tutajibizana huko huko majini, kwa sababu dada wa makumbusho ananionyesha saa. Chombo chetu ni saa nane na nusu. Ni cha makasia, kwa hiyo hakuna abiria, kila mtu ni injini. Majaketi okozi yako kwenye sanduku jekundu, wadogo wavae kabla ya kukanyaga gati. Mwenye kofia ya pembe, ishike, upepo umeanza.

Shikio liko upande wa kulia wa tezi, kama kasia kubwa lililofungwa ubavuni. Ndiyo maana Wadenishi hadi leo upande huo wanauita styrbord, ubavu wa usukani. Dada ananiambia kwa kawaida hapo hukaa mtu wao. Nimemwambia tunaye mtu wetu. Mjomba, vua koti langu.